Kutoka kwenye ndoa ya mateso bila kupoteza karatasi: mwongozo kwa aliyeolewa Nairobi na aliyeolewa majuu

“Nikipiga simu moja tu, kesho uko kwenye ndege.” Wanawake wengi wageni walioolewa Nairobi wameambiwa hivyo, na mabinti wengi wa hapa walioolewa majuu pia. Ndilo tishio linalowafanya watu wavumilie vipigo kwa miaka, kwa sababu mtu akiogopa kufukuzwa nchini hata polisi anawaogopa.

Basi tuanze na jambo hilo. Mume hana mamlaka ya kufuta viza ya mtu. Anayetoa na kufuta ni serikali: hapa kwetu Idara ya Uhamiaji pale Nyayo House, Marekani USCIS, Uingereza Home Office. Mume anachoweza ni kuacha kukudhamini, kuficha pasipoti, au kuandika barua ya kukuchongea. Hayo yanaumiza, lakini yana dawa, na dawa hiyo inategemea vitu viwili: tarehe na ushahidi. Aliyeondoka akiwa ameshika tarehe zake na ushahidi wake huwa na mlango. Aliyeondoka usiku mikono mitupu bado ana mlango, ila atahangaika zaidi kuupata.

Ninasema “mume” kwa kuwa ndivyo kesi nyingi zilivyo. Sheria ninazozitaja hazichagui jinsia. Kaka anayepigwa au kunyanyaswa na mkewe anaingia humu pia.

Hatua ya kwanza: uhai kabla ya karatasi

Ukiwa Nairobi na hali ni ya hatari, piga 1195. Ni nambari ya kitaifa ya ukatili wa kijinsia, ni ya bure na hupokelewa usiku na mchana. Polisi ni 999 au 112. Kama mtoto yuko hatarini, 116. Marekani kuna 1-800-799-7233, Uingereza 0808 2000 247, Ujerumani 116 016.

Wakati wa kuondoka ndio wakati wa hatari kubwa, kuliko hata miaka ya kukaa. Mwanariadha wa Uganda Rebecca Cheptegei, aliyekuwa akiishi upande wetu huu wa mpaka katika Trans Nzoia, alichomwa moto na mwanamume aliyekuwa mpenzi wake, akafariki Septemba 2024 huko Eldoret. Walikuwa na ugomvi wa ardhi ambao ulikuwa umeshafika kwa wakuu. Kwa hiyo usimtangazie mtu siku utakayoondoka, na usimwage mpango wako kwenye kundi la WhatsApp la chama au la wakwe.

Ukiumizwa, nenda hospitali kwanza. Kituo cha Gender Violence Recovery Centre katika Nairobi Women’s Hospital, Hurlingham, kimekuwa kikihudumia manusura tangu 2001. Kama kulikuwa na ubakaji, hata na mume, dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72. Usioge na usifue nguo kabla ya kupimwa. Ziweke kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki huozesha ushahidi.

Kisha kituo cha polisi. Omba dawati la jinsia, andikisha tukio kwenye OB (daftari la matukio la polisi), ondoka na namba ya OB ukiwa umeiandika mwenyewe, halafu chukua fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, ijazwe na daktari. Sheria ya 2015 ya kujikinga na ukatili wa nyumbani inakupa haki ya kuandika taarifa yako mbele ya afisa wa jinsia yako ukitaka hivyo. Afisa akikuambia “hayo ni mambo ya nyumbani, nendeni mkaongee,” muombe jina lake na umtafute mkuu wa kituo. Wengine hubadilika wakiona unaandika.

Na kama pasi yako ya uhamiaji imeshaisha? Hapo usiende kituoni peke yako. Kukaa nchini bila kibali ni kosa, na adhabu yake katika Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inafika faini ya Sh500,000 au kifungo cha miaka 3. Nenda na wakili au mtu wa shirika la msaada. Mtu aliyejipeleka mwenyewe na barua ya wakili inayoeleza kuwa mume ndiye aliyezuia kibali kisihuishwe hutazamwa tofauti na mtu aliyekamatwa kwenye msako Eastleigh.

Hatua ya pili: laini ya simu

Hili watu hulipuuza, na ndilo huwaumbua. Wageni wengi walipofika Nairobi walinunuliwa laini na mume, ikasajiliwa kwa kitambulisho chake. Maana yake laini ni yake kisheria. Akiingia duka la kampuni ya simu na kitambulisho akasema simu imepotea, atapewa laini mpya yenye namba yako, na kwa dakika chache yuko ndani ya M-Pesa yako, WhatsApp yako, na kila akaunti inayotuma msimbo kwa SMS. Ikiwamo ya eCitizen, mtandao wa huduma za serikali.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka tafuta laini yako mwenyewe. Mgeni anaweza kusajili kwa pasipoti au kwa kitambulisho cha mgeni. Kwa Safaricom, *106# inakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa hati yako. Kama hiyo unayotumia haimo, umeshajua ni ya nani. Fungua barua pepe mpya kwenye simu ya rafiki, hamishia huko eCitizen, na usitumie nenosiri ambalo mume anaweza kulikisia. Siku ya kuhamia laini mpya iwe ndiyo siku ya kuondoka, isiwe wiki moja kabla, maana laini ikinyamaza atajua.

Kama laini unayotumia tayari inasomeka jina lako, toa taarifa ya M-Pesa kwa *334# itumwe kwenye barua pepe mpya. Inaonyesha nani alilipa kodi ya nyumba, nani alinunua unga, na ni lini alikata pesa za matumizi. Sheria yetu inatambua unyanyasaji wa kiuchumi kuwa ukatili, sambamba na matusi, kufuatafuatwa, na hata wakwe kuingilia ndoa. Ndiyo, wakwe wametajwa kabisa katika sheria.

Hatua ya tatu: kusanya hati, na ujue za kukusanya

Pasipoti yako na za watoto. Kitambulisho cha mgeni. Ukurasa wenye pasi au kibali. Cheti cha ndoa. Vyeti vya kuzaliwa. Kitambulisho au pasipoti ya mume, walau picha, kwa sababu Marekani na Uingereza utatakiwa kuonyesha yeye ni raia au mkaaji. Ukishindwa kuchukua hati yenyewe, piga picha kila ukurasa, tuma kwenye barua pepe mpya, futa picha kwenye simu na kwenye pipa la picha zilizofutwa.

Cheti cha ndoa kikifichwa, kama mlifunga ndoa kwa msajili omba nakala iliyothibitishwa huko huko kwa msajili. Ndoa ya Kiislamu, nenda kwa kadhi aliyeifungisha. Ndoa ya kimila ambayo haikuandikishwa popote ndiyo ngumu zaidi; hapo tafuta picha za ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) au za mahari, orodha ya vilivyopelekwa, na wazee waliokuwepo wakiwa tayari kuapa. Picha hizo zina kazi ya pili: ukiwa Marekani zinathibitisha kwamba ndoa yenu haikuwa ya kutafutia karatasi. Afisa akiona wazee wa pande mbili, mbuzi, na shangazi zako wote kwenye hema moja, swali la kama ndoa ilikuwa ya kweli linapungua uzito.

Pasipoti ikizuiwa, andikisha polisi, chukua abstract (karatasi ya polisi inayothibitisha umeripoti), uende nayo ubalozi wa nchi yako ukaombe nyingine au hati ya dharura ya kusafiria. Raia wa Uganda na Rwanda wana ahueni: kitambulisho cha taifa kinawavusha mpaka. Mganda aliyefungiwa pasipoti Kasarani anaweza kuvuka Busia kwa kitambulisho chake.

Hatua ya nne, ukiwa mgeni Nairobi: jua umeshika karatasi gani

Fungua pasipoti usome muhuri. Watu wengi huniambia “nina viza ya ndoa,” na hakuna kitu chenye jina hilo Kenya.

*Pasi ya mtegemezi.* Ndiyo ya wengi. Imefungwa kwa jina la aliyekudhamini: mume Mkenya, au mume mgeni mwenye kibali cha kazi. Peke yake haikupi ruhusa ya kufanya kazi. Akiandika barua kwamba hakudhamini tena, au kibali chake kikiisha, pasi yako inaning’inia. Usingoje ifutwe. Angalia tarehe ya mwisho, hesabu miezi iliyobaki, na uanze kutafuta karatasi inayosimama kwa jina lako: kibali cha daraja D kama kuna mwajiri atakayekuombea, daraja G kama una biashara na mtaji wake, daraja K kama umetimiza miaka 35 na una kipato cha uhakika kisichotokana na kazi ya hapa, au pasi ya mwanafunzi. Wakati maombi yanapikwa, kuna pasi maalumu ya muda mfupi inayokuweka kihalali. Maombi hayo yote hupitia mtandaoni kabla hujafika dirishani.

*Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.* Tangu Itifaki ya Soko la Pamoja ianze kutumika Julai 2010, Mtanzania, Mganda, Mrundi au Mnyarwanda anaweza kuingia na kupewa hadi miezi 6 kama mgeni. Kwa hiyo dada wa Arusha aliyefutiwa pasi ya mtegemezi hajafungiwa Kenya. Anaweza kutoka Namanga na kurudi kwa muhuri mpya wa jina lake, akapata muda wa kupumua na kushughulikia kesi yake ya watoto. Muhuri huo haumpi ruhusa ya kuajiriwa. Na kabla ya kutoka, muulize wakili kama kuna kesi inayoendelea au pasi iliyochelewa, kwa sababu mpakani ndipo tarehe zilizopita huonekana.

*Ukaaji wa kudumu.* Mwenzi wa raia wa Kenya anastahili kuomba ndoa ikishatimiza miaka 3. *Uraia kwa kusajiliwa:* miaka 7 ya ndoa, kwa mujibu wa kifungu cha 15 cha Katiba. Hapa ndipo mpangilio wa hatua unapohesabika. Mtu aliye kwenye mwaka wa saba hapaswi kukimbilia kufungua kesi ya talaka Jumatatu bila kuongea na wakili wa uhamiaji Ijumaa iliyotangulia. Simwambii mtu abaki anapigwa ili apate uraia. Kuhama nyumba na kuvunja ndoa mahakamani ni vitu tofauti, unaweza kufanya la kwanza leo na la pili ukapanga.

Kama umeshasajiliwa kuwa raia, tulia. Kifungu cha 13 kinasema uraia haupotei kwa ndoa wala kwa kuvunjika kwa ndoa. Tishio la mume hapo ni hewa tupu.

*Mkimbizi au mwomba hifadhi.* Wanawake wengi wa Kongo, Somalia, Ethiopia na Sudan Kusini walisajiliwa chini ya faili la mume. Unaweza kuomba utenganishiwe faili, katika Idara ya Huduma za Wakimbizi na kwa UNHCR, ili jina lako na la watoto lisimame peke yake. Ukiwa kwenye mchakato wa kupelekwa nchi ya tatu, sema mapema. UNHCR ina kundi maalumu la wanawake na wasichana walio hatarini, na kuolewa na mtesaji ni hatari. Mume kukuambia “ukiondoka unapoteza Canada yako” hakumaanishi ni kweli.

*Mama wa mtoto Mkenya.* Mtoto ambaye mzazi wake mmoja ni Mkenya siku ya kuzaliwa ni raia, popote alipozaliwa. Hilo halikupi wewe kibali moja kwa moja, lakini ni hoja nzito katika barua ya wakili: Katiba inataka maslahi ya mtoto yatangulie, na mama kufukuzwa ni jambo linalomgusa mtoto huyo.

Hatua ya tano: amri ya ulinzi

Omba katika mahakama ya hakimu. Huhitaji kuwa Mkenya, huhitaji kuwa na cheti cha ndoa, na mahakama inaweza kutoa amri ya muda kabla mume hajaitwa. Amri inaweza kumzuia kukukaribia, kumtoa katika nyumba mnayoishi, na unaweza kuiomba mahakama imwamuru arudishe vitu vyako, hati zikiwamo. Taja pasipoti kwa jina na namba katika maombi, usiseme tu “vitu vyangu.”

Amri haikupi kibali cha kukaa nchini. Lakini ukiandikia Nyayo House barua ya kuomba muda, nakala ya amri yenye muhuri wa mahakama inaongea zaidi ya kurasa tano za masimulizi.

Kuhusu mawakili: hakikisha jina lake limo kwenye orodha ya Chama cha Mawakili cha Kenya, inapatikana mtandaoni na inachukua dakika moja. Wale vijana wanaokusimamisha nje ya Nyayo House wakisema wana mtu wao ndani, wapite. Msaada wa serikali chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ni wa raia, watoto, wakimbizi, waliosafirishwa kiharamu, wakimbizi wa ndani na wasio na uraia. Mgeni wa kawaida aliyeolewa hamo kwenye orodha hiyo. Basi elekea mashirika ya msaada wa kisheria kama FIDA-Kenya, CREAW au Kituo cha Sheria, na mkimbizi pia Refugee Consortium of Kenya.

Hatua ya sita, ukiwa Marekani: hapa tukae kidogo

Ninaandika sehemu hii kwa mama aliye Umoja au Kiambu pia, maana binti akipigwa Dallas simu ya kwanza inakuja nyumbani, na jibu la kwanza la nyumbani huwa “vumilia upate karatasi.” Mama, hiyo si lazima. Tangu 1994 Marekani ina sheria iitwayo VAWA inayomruhusu mwenzi aliyeteswa kujiombea karatasi mwenyewe, bila mume kujua.

Fomu ni I-360. Mume lazima awe raia wa Marekani au mwenye grini kadi, yaani kadi ya ukaaji wa kudumu. Mwombaji aonyeshe kwamba ndoa ilikuwa ya kweli, waliishi pamoja, aliteswa kwa vipigo au kwa ukatili mkubwa wa kisaikolojia, na yeye mwenyewe ana tabia njema. Huhitaji kesi ya polisi. Sheria inakubali ushahidi wowote wa kuaminika. Fomu hiyo haina ada kwa waombaji wa aina hii. Hakuna mtu anayehitajika kukudhamini kifedha. Na maafisa wa uhamiaji wamekatazwa na sheria kumwambia mtesaji kwamba umeomba. Kitu kimoja: barua zao huja kwa posta, kwa hiyo toa anwani salama, siyo ya nyumba uliyotoroka wala ya binamu anayecheza mpira na mumeo.

Talaka ikishatoka, una miaka 2 tu ya kuomba, na talaka iwe na uhusiano na mateso. Baada ya hapo mlango unafungwa. Usiolewe tena kabla I-360 haijakubaliwa. Ukiolewa, ombi linakufa. Ukigundua mume alikuwa na mke mwingine ambaye hukumjua, ndoa yako ni batili lakini VAWA bado inakufungulia, kwa sharti uliingia kwa nia njema.

Familia ya Nairobi inasaidia wapi? Kwenye ushahidi. Mama aliyesikia matusi kwenye simu ni shahidi. Dada aliyetumiwa picha ya jicho lililovimba saa nane usiku ni shahidi. Kila mmoja aandike alichokisikia au kukiona yeye mwenyewe, pamoja na tarehe, kwa lugha anayoongea, na atie sahihi mbele ya kamishna wa viapo. Kama ni Kikuyu, Kijaluo au Kiswahili, iambatane na tafsiri ya Kiingereza na tamko la mfasiri kwamba ni sahihi. Msiandike wote maneno yale yale. Barua nne zinazofanana hutia shaka. Cheti cha maadili mema kutoka DCI (idara ya upelelezi) nacho kitahitajika kama binti aliishi Kenya miezi 6 au zaidi ndani ya miaka 3 iliyopita. Aliombe mapema kupitia eCitizen.

Aliyepewa grini kadi ya miaka 2 kwa kuwa ndoa ilikuwa changa, njia yake ni I-751. Kwa kawaida wanandoa huijaza pamoja. Aliyeteswa anaijaza peke yake kwa msamaha maalumu, wakati wowote, bila kusubiri talaka.

Asiyeolewa na raia wala mwenye grini kadi ana viza ya U, kwa walioathiriwa na uhalifu kama ukatili wa nyumbani na kushirikiana na polisi. Inahitaji karatasi iliyosainiwa na polisi au mwendesha mashtaka, na ni 10,000 tu kwa mwaka, kwa hiyo foleni ni ya miaka mingi. Mke wa mfanyakazi wa viza ya H, ambaye yeye mwenyewe yuko kwenye viza ya mtegemezi ya H-4, anaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi kwa fomu I-765V.

Halafu kuna jambo linalovunja nyumba za watu: msiba. Ukiwa na ombi la grini kadi linalosubiri na ukaja Nairobi kwenye mazishi bila ruhusa ya kusafiri kutoka USCIS, ombi linahesabiwa umelitelekeza. Kama umekaa Marekani bila hadhi zaidi ya siku 180 ukatoka, kuna marufuku ya kurudi kwa miaka 3. Zaidi ya mwaka mmoja, miaka 10. Ukoo ukikulaumu kwa kukosa matanga, waonyeshe aya hii.

Uingereza ni haraka zaidi. Aliye na viza ya mwenzi wa raia au mkaaji wa kudumu anaweza kuomba kwanza nafuu ya waathiriwa wahamiaji, inayompa miezi 3 yenye ruhusa ya kazi na msaada wa serikali, kisha ndani ya miezi hiyo anaomba ukaaji wa kudumu moja kwa moja bila kumaliza miaka 5 wala kufanya mtihani wa lugha. Asiye na pesa anaweza kuomba asamehewe ada. Mke wa mwanafunzi au mfanyakazi hupata ile miezi 3 lakini hapati njia ya kudumu, basi aitumie kutafuta viza nyingine.

Canada iliondoa masharti ya kukaa na mdhamini mwaka 2017: ukishapewa ukaaji wa kudumu, ni wako. Asiyepewa bado aulizie kibali cha muda cha waathiriwa wa ukatili wa kifamilia, hakina ada. Ujerumani hutaka ndoa iwe imedumu miaka 3 ndipo mke apate kibali cha peke yake, lakini mateso yanahesabika kuwa hali ngumu inayoondoa sharti hilo.

Hatua ya saba: umeletwa “likizo” ukatupwa Nairobi

Mume anakuja na mke na watoto Desemba, wiki ya tatu anachukua pasipoti zote “ziwe salama,” na siku ya kurudi anaondoka peke yake. Mke anabaki kwa wakwe Kitengela bila grini kadi, bila pesa. Huu ni ukatili, na una njia.

Kwanza andika tarehe uliyotoka nchi ile. Mwenye grini kadi aliyekaa nje chini ya mwaka mmoja anaweza kujaza fomu I-131A na kuomba ubalozi wa Marekani, Gigiri, umpe hati ya kupandia ndege badala ya kadi iliyochukuliwa. Ukivuka mwaka kwa sababu usizoziweza, kuna viza ya mkaaji anayerejea, ngumu zaidi na yenye maswali mengi. Kwa hiyo usikae miezi kumi ukingoja wazee wa ukoo wasuluhishe. Wasuluhishe huku wewe umeshajaza fomu.

Aliyetupwa na mwenzi wa Uingereza anaweza, tangu Januari 2024, kuomba akiwa Nairobi aruhusiwe kurudi kama mwathiriwa. Hifadhi tiketi ya kurudi iliyokatwa, ujumbe wa mume akisema “kaa huko,” na namba ya OB uliyoandikisha pasipoti ilipochukuliwa. VAWA nayo unaweza kuiomba ukiwa nje, mradi mateso, hata sehemu yake, yalitokea ndani ya Marekani, au mume ni mwanajeshi au mfanyakazi wa serikali yao.

Watoto waliozaliwa kule wana pasipoti za kule. Ubalozi wao ni wa kuwasaidia wao, hata kama wewe mama si raia. Nenda nao, na vyeti vyao vya kuzaliwa au picha zake. Usiwavushe mpaka wala kupanda nao ndege kwa siri kama kesi ya malezi imeshafunguliwa: omba mahakama ya watoto amri ya malezi na ruhusa ya kusafiri, kisha beba nakala mbili zilizogongwa muhuri, moja kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu afisa wa uhamiaji kwenye uwanja wa ndege wa JKIA ataiuliza kabla hujavua viatu.